Waya Mrefu Kuliko Wote Uliishia Kolwezi

Mgodi wa urani uliokuwa tajiri kuliko yote uko Katanga, nchini Kongo. Ni Shinkolobwe, karibu na Likasi, mashariki ya Kolwezi. Uligunduliwa mwaka 1915, na mawe yake bora yalikuwa na hadi asilimia 65 ya oksidi ya urani, ilhali migodi mingi duniani haifikishi hata asilimia 1. Mwaka 1940 Edgar Sengier wa kampuni ya migodi ya Union Minière alihamishia zaidi ya tani 1,000 za mawe hayo katika ghala la Staten Island, New York. Sehemu kubwa ya urani ya bomu la Hiroshima ilitoka Shinkolobwe.

Kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika nacho ni cha Kongo: TRICO I, kilichowashwa Kinshasa mwaka 1959. Kilikuwa cha utafiti tu. Mrithi wake, TRICO II, amezimwa tangu 2004.

Rekodi inayoniuma ni ya tatu. Mwaka 1982 laini ya umeme kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi, kilomita 1,700, ilikuwa ndefu kuliko zote duniani. Ilijengwa kwa ajili ya migodi ya shaba. Mkondo wake ni mnyoofu, hauchoteki njiani bila kituo cha gharama kubwa cha kuugeuza, kwa hiyo nyaya zikapita juu ya vijiji vilivyobaki gizani.

Kwingine sera za nyuklia zimetofautiana. Ufaransa inaongoza kwa kutegemea nyuklia, takribani theluthi mbili ya umeme wake. Ujerumani ilizima vinu vyake vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023. Barani Afrika ni Koeberg pekee, Afrika Kusini, inayozalisha umeme wa nyuklia, huku Misri ikijenga megawati 4,800 El Dabaa. Kenya mwaka 2024 iliunga mkono azimio la kuongeza nyuklia mara tatu ifikapo 2050, mwaka uleule ambao wakazi wa Uyombo, Kilifi, waliandamana kukataa kinu.

Hoja ya tabianchi naikubali. Nyuklia haitoi moshi. Lakini Kolwezi imeshatoa mchango wake: zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, ile ya betri za magari, inatoka Kongo, na sehemu kubwa ni ya Lualaba, mkoa wa Kolwezi. Atakayekuja kutuuzia kinu, nitamuuliza kwanza: kabine za SNEL, shirika la umeme la taifa, za Manika na Dilala hapa Kolwezi zitapata megawati ngapi?