Akili unde na isome ratiba, lakini kalamu ibaki kwa mwalimu

KILA mwalimu aliyewahi kubebeshwa jukumu la kuandaa ratiba ya shule anaujua uzito wake. Hutandaza karatasi ya manila mezani, akachukua penseli na kifutio, akaanza kupanga: Hisabati asubuhi kabla bongo hazijachoka, Kemia vipindi viwili mfululizo ili jaribio la maabara likamilike, Kiswahili mahali ambapo mwalimu wake hana darasa jingine. Akidhani amemaliza, hugundua kwamba mwenzake mmoja amepangiwa madarasa mawili kwa wakati mmoja. Hufuta, akaanza upya. Usiku huingia, na kifutio huisha kabla ya kazi.

Kazi hiyo haijapungua. Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, ambako kila mmoja hufuata masomo ya mkondo aliouchagua. Wanaokaa darasa moja asubuhi hutawanyika baadaye, huyu akielekea maabara, yule akielekea chumba cha muziki. Kila chaguo jipya ni fundo jingine katika kamba ya mwandaa ratiba.

Si ajabu, basi, mwalimu kama huyo akishangilia anapoambiwa kwamba siku hizi programu ya kalenda yaweza kuunganishwa na msaidizi wa akili unde, yule anayetumiwa na mafundi kuandika programu za tarakilishi. Mwalimu humwambia kwa maneno ya kawaida, "Nitafutie migongano yote ya wiki hii," naye msaidizi akaisoma kalenda, akaandika programu ya kuikagua, akaleta majibu muda si muda. Mambo haya yanawezekana. Swali ninalotaka tulitafakari ni jingine: msaidizi huyo anapofunguliwa mlango wa ratiba, apewe ruhusa ya kufanya nini?

Yafaa kwanza tufahamu jinsi muungano huo unavyofanya kazi, maana binadamu huogopa asichokijua, na wakati mwingine hukiamini kupita kiasi.

Msaidizi wa akili unde, peke yake, hawezi kuigusa kalenda ya mtu. Yeye hupokea maneno na kutoa maneno. Ili aifikie kalenda, sharti pawepo daraja. Zamani kila aliyetaka kuunganisha programu fulani na msaidizi fulani alilazimika kujijengea daraja lake. Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ya Marekani ilitangaza kanuni za wazi za kazi hiyo, ziitwazo Model Context Protocol, na Machi 2025 kampuni ya OpenAI, iliyo mshindani wake, ikatangaza kwamba nayo itazifuata. Tangu hapo kalenda ikishajengewa daraja moja, wasaidizi wa kampuni mbalimbali waweza kulipitia.

Katikati ya daraja hilo huketi programu ndogo inayomweleza msaidizi kazi zinazoweza kufanywa: kuorodhesha matukio ya wiki, kutafuta nafasi iliyo wazi, kuongeza tukio, kulihamisha, kulifuta. Kila kazi ina jina lake, maelezo yake na mambo inayoyahitaji, kama vile tarehe na saa. Msaidizi akitaka kitu huandika ombi, nayo programu hiyo ndogo huenda kwenye kalenda na kurudi na jibu. Mfano wake ni mteja wa hoteli. Huagiza pilau kwa mhudumu, lakini hajitii jikoni mwenyewe.

Mhudumu huyo naye hafanyi kazi bila kibali cha mwenye kalenda. Google Calendar, kwa mfano, ina kibali cha kusoma tu, na ina kibali kingine cha kuhariri. Vibali hivi hutokea kwenye kiwambo siku ya kwanza ya kuunganisha, na ni jambo la kusikitisha kwamba wengi wetu hubonyeza neno la kukubali kabla ya kusoma tulichokikubali. Kwa mbofyo mmoja, aliyeitwa kuisoma ratiba huwa amepewa na uwezo wa kuifuta.

Maoni yangu ni haya: msaidizi wa akili unde apewe kibali cha kusoma tu. Apendekeze mabadiliko atakayo, lakini mkono unaoyaandika katika ratiba uwe wa mwalimu. Ninazo sababu tatu.

Ya kwanza ni saa. Sisi wasemaji wa Kiswahili tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza. Mwalimu mkuu akisema mtihani utaanza saa mbili asubuhi, hapana mwanafunzi atakayekosea. Lakini kalenda ya tarakilishi huandika 8:00, na msaidizi aliyelelewa zaidi kwa maandishi ya Kiingereza aweza kulichukua neno "mbili" jinsi lilivyo na kuandika 2:00. Isitoshe, faili za kalenda hufuata kanuni ziitwazo iCalendar, zilizochapishwa mwaka wa 1998 na kurekebishwa mwaka wa 2009. Kanuni hizo huruhusu saa kuandikwa kwa kipimo cha kimataifa cha UTC, ambacho kiko nyuma ya saa za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Mtihani wetu wa saa mbili asubuhi huandikwa humo 050000Z. Ile herufi Z ndiyo inayoeleza kwamba kipimo ni cha UTC. Programu isiyoijali herufi hiyo itausogeza mtihani hadi saa kumi na moja alfajiri.

Kosa la namna hii halipigi kelele. Programu haikwami, wala onyo halitokei kwenye kiwambo. Ratiba hutoka ikiwa safi, imepangwa kwa safu na rangi, ila saa zake si zile tulizokubaliana. Tuseme kosa limetokea upande wa pili, na karatasi ya saa mbili asubuhi ikahamishiwa saa tano. Mwanafunzi aliyeiamini ratiba hiyo atafika mlangoni mwa ukumbi akiwa na kalamu mkononi, na kuwakuta wenzake wakitoka. Nani atamrudishia mtihani wake? Msaidizi wa akili unde hawezi kuitwa mbele ya kamati ya wazazi. Atakayeitwa ni mwalimu.

Sababu ya pili ni ujanja wa watu. Kalenda si daftari linaloandikwa na mwenyewe peke yake. Yeyote aliye na anwani yako aweza kukutumia mwaliko wa mkutano, nao ukajitokeza katika kalenda yako. Binadamu akiusoma huona mwaliko tu. Msaidizi wa akili unde akiusoma aweza kuyachukua maneno yaliyomo kuwa amri. Agosti 2025, katika mkutano wa wataalamu wa usalama uitwao Black Hat mjini Las Vegas, watafiti walionyesha jinsi walivyoficha maagizo ndani ya mialiko ya Google Calendar. Mwenye kalenda alipomwomba msaidizi aitwaye Gemini amfupishie matukio ya wiki, msaidizi aliyafuata maagizo yale ya siri, akazima taa na kufungua madirisha ya nyumba yaliyounganishwa na mtandao. Google ilikuwa imearifiwa mapema, nayo ikaimarisha ulinzi wake. Hata hivyo, funzo linabaki: anayesoma barua za wageni asiwe ndiye anayeshika funguo za nyumba.

Sababu ya tatu inahusu watoto. Ratiba ya shule hueleza ni nani atakuwa wapi na saa ngapi. Hapo hata kibali cha kusoma chahitaji tahadhari, kwa kuwa anachokisoma msaidizi aghalabu hupelekwa katika mitambo ya kampuni iliyo ng'ambo. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka wa 2019, katika kifungu cha 33, hairuhusu habari za mtoto kushughulikiwa bila idhini ya mzazi au mlezi, na kwa namna inayolinda maslahi ya mtoto huyo. Sheria hii ina meno. Septemba 2023 shule moja ya Nairobi ilitozwa faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Mwalimu anayetaka kumwonyesha msaidizi ratiba na aondoe majina kwanza, aweke alama: M1, M2 kwa walimu, na A, B kwa madarasa. Mgongano wa vipindi hautaki kujua jina la mtu.

Wapo watakaouliza: ikiwa mwalimu ndiye atakayeandika, amesaidiwa nini? Ni swali la haki, na jibu lake linapatikana katika hesabu. Chukua shule yenye madarasa manane, kila moja likiwa na vipindi 40 kwa wiki. Hivyo ni vipindi 320. Ukitaka kulinganisha kila kipindi na kila kingine ili uone kama vinagongana, una jozi 51,040 za kuchunguza. Mwalimu mwenye penseli hawezi. Tarakilishi huzimaliza kufumba na kufumbua. Kuiunda ratiba yenyewe ni jambo gumu zaidi. Mwaka wa 1976 wataalamu Shimon Even, Alon Itai na Adi Shamir walithibitisha kwamba tatizo la ratiba limo katika kundi la matatizo ambayo hadi leo hapana aliyegundua njia ya haraka ya kuyatatua kwa kila hali. Kwa hiyo msaada upo, na ni mkubwa: msaidizi atafute, alinganishe, alete mapendekezo matatu au manne. Kutafuta ndiko kulikokuwa kukimaliza usiku wa mwalimu. Kuidhinisha ni kazi ya dakika chache.

Tena kuna namna bora ya kumwomba. Msaidizi wa kuandika programu asiulizwe, "Je, ratiba hii ina migongano?" kisha jibu lake likaaminiwa. Aombwe aandike programu ya kukagua migongano. Jibu la mdomo laweza kubadilika leo na kesho, wala hatuoni lilitoka wapi. Programu iliyoandikwa hutoa jibu lilelile kila mara kwa ratiba ileile, na mwanafunzi wa tarakilishi aweza kuisoma mstari kwa mstari na kusema, "Mwalimu, hapa imekosea."

Hapa ndipo ninapowageukia wanafunzi. Chama cha tarakilishi chaweza kuifanya kazi hii muhula ujao bila gharama kubwa. Chukueni nakala ya ratiba, mwondoe majina, mwiweke katika faili ya iCalendar. Mwombeni msaidizi aandike programu ya kuikagua. Kisha tieni makosa kwa makusudi: mwalimu mmoja katika madarasa mawili, maabara moja kwa makundi mawili, kipindi kimoja kilichoandikwa kwa saa za UTC na kingine kwa saa za Nairobi. Ikiwa programu itayanasa yote, mna chombo. Ikiwa itayakosa, mna somo, na pengine somo hilo lina thamani kuliko chombo chenyewe. Mwanafunzi aliyeona kwa macho yake saa mbili ikigeuka kumi na moja hatadanganywa kwa urahisi na mashine maishani mwake.

Nao walimu wasione haya kwamba mashine inawashinda kwa hesabu. Ratiba ni zaidi ya hesabu. Ni mapatano kati ya watu. Ndani yake mna mwalimu anayenyonyesha aliyeombewa asipewe kipindi cha mwisho, mna wanafunzi Waislamu wanaokwenda msikitini Ijumaa adhuhuri, mna mwalimu mgeni ambaye wenzake walikubali kumpunguzia mzigo muhula wake wa kwanza. Mengi ya mambo haya hayaandikwi popote. Yamo vichwani mwa watu na katika mazungumzo ya chumba cha walimu. Msaidizi ambaye hakuambiwa atamhamisha mama huyo hadi jioni, na kwa hesabu zake atakuwa hajakosea hata kidogo.

Wazee wetu walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni huyu wa tarakilishi tumkaribishe, kwa kuwa anatuletea nafuu katika kazi iliyotuchosha miaka mingi. Tumpe kiti, tumwonyeshe ratiba, tusikilize ushauri wake. Lakini mwenyeji hamwachii mgeni funguo za ghala siku ya kwanza, na jina litakalotiwa chini ya ratiba ni la mwalimu. Basi na kalamu ikae mkononi mwake.