Andikeni Hadithi za Wazee Mapema

Wayaaku wa msitu wa Mukogodo, Laikipia, walikuwa wawindaji na warina asali. Katika karne ya 20 walianza kufuga ng'ombe, wakashika Kimaasai. Leo wanaojua Kiyaaku ni wazee wachache mno. Je, kwenu hali ikoje? Wanakikundi, msingoje matanga.

1. Mwombeni mzee ruhusa, kisha mrekodini kwa simu.
2. Andikeni vile alivyosema, kwa lugha yake. Kutafsiri baadaye.
3. Msomeeni, asahihishe. Akikataza jambo lisitoke, lifuteni.
4. Wekeni jina lake, kijiji na tarehe.
5. Toeni nakala: ya kwanza yake, nyingine za kikundi na shule.

Hadithi ni mali ya mzee. Sisi ni watunzaji tu.