Je, Wajua? Kauri na Mwanga Zinavyosaidiana Kusafisha Maji

1. Je, wajua kwamba titani dayoksaidi, unga mweupe unaotiwa kwenye rangi za kuta, husafisha maji? Ukimulikwa na miali ya urujuanimno ukiwa majini, huzalisha radikali za haidroksili, chembe kali zinazovunjavunja rangi za viwanda vya nguo, viuatilifu na mabaki ya dawa.

2. Mwaka 1972, Wajapani Akira Fujishima na Kenichi Honda walieleza katika jarida la *Nature* jinsi mwanga ukiangukia titani dayoksaidi unavyoweza kutenganisha maji kuwa haidrojeni na oksijeni. Mlango ulifunguka hapo.

3. Unga huo ni kichocheo: huharakisha kazi bila wenyewe kuliwa.

4. Lakini ukishautia majini, utautoaje? Punje zake hupimwa kwa nanomita, na hazitui upesi. Hapo ndipo chujio la kauri linapohitajika: huzinasa, zikarudishwa kazini.

5. Vitundu vya chujio hilo vinaweza kuwa na upana wa maikromita 0.1. Kimelea cha kipindupindu, chenye unene wa nusu maikromita hivi, hakipiti.

6. Chujio nalo lina udhaifu wake: hukamata uchafu bila kuuangamiza, mwisho likaziba. Likipakwa titani dayoksaidi na kumulikwa, uchafu wa viumbehai na kemikali za kikaboni ulioganda juu yake huvunjwa palepale. Kweli, kidole kimoja hakivunji chawa.

7. Kwa nini lisiwe la plastiki? Kwa sababu radikali hazichagui; plastiki nayo huchakaa. Kauri ya alumina, iliyochomwa kwenye joto kali, huvumilia radikali, klorini na asidi nyingi.

8. Urujuanimno ni takriban asilimia 5 tu ya nishati ya jua inayotufikia ardhini. Ndiyo maana mitambo mingi hutumia taa, na watafiti huchanganya titani dayoksaidi na naitrojeni ili inufaike na mwanga tunaouona.

9. Maji ya tope huzuia mwanga. Tope litangulie kuondolewa.

10. Floridi haivunjwi na mwanga. Kandokando ya Mlima Meru, Arusha, ambako floridi huwaachia watu meno ya kahawia, mkaa wa mifupa ya ng'ombe ndio uliotumika kuinasa. Kwa hiyo maji yapimwe kwanza. Uchafu wenyewe ndio utakaotuambia chombo cha kuutoa.