Ulimi wenye ramani: alama za soriasisi ndani ya mdomo

Leo tuache mihogo na mbegu kidogo. Mimi ni agronomu, si muganga, lakini katika familia yetu tunaishi na soriasisi, na nimechukua wakati wa kusoma na kuuliza waganga. Wengi tunajua ugonjwa huu kwenye ngozi tu. Alama zake za mdomoni hatuzijui, njo maana mtu anapewa dawa za kuvu miezi mingi bila faida.

Soriasisi ni nini? Kinga ya mwili inachokoza ngozi, na ngozi mpya inazaliwa haraka kupita kiasi. Kazi ambayo kwa kawaida inachukua karibu mwezi mmoja inamalizika kwa siku chache. Magamba yanajaa kwenye viwiko, magoti na kichwa. Kwenye ngozi nyeusi madoa yanaweza kuwa ya zambarau ao kahawia, si mekundu kama yale ya kwenye picha za vitabu. Mwaka 2014, nchi memba za OMS zilipitisha azimio juu ya soriasisi, likisema wazi kwamba ni ugonjwa usioambukiza. Kwa hiyo kumutengea ndugu sahani na kikombe chake ni kumuumiza bure.

Sasa tuingie mdomoni. Alama inayojulikana zaidi ni ulimi wa ramani. Vile vinyweleo vidogo vya juu ya ulimi vinapotea mahali fulani, panabaki pekundu na laini, na pembeni panakuwa na mstari mweupe kama mpaka wa mkoa. Kisha siku chache ao wiki, ramani inahama. Alama ya pili ni ulimi wenye mipasuko, ambamo chakula kinakwama. Zote mbili zinaonekana zaidi kwa wenye soriasisi kuliko kwa watu wengine.

Lakini muangalifu: watu wengi wenye ulimi wa ramani hawana soriasisi hata kidogo. Shambani, jani moja la njano halitoshi kusema muhogo una mozaiki. Unaangalia mmea mzima na shamba lote. Hapa ni vilevile. Angalia kucha kama zina vishimo vidogo, kichwa kama kina magamba, vidole kama vimevimba. Uliza pia taya. Kati ya wenye soriasisi, hadi 30 kwa 100 wanaweza kupata ugonjwa wa viungo, na kiungo cha taya, mbele ya sikio, kinaweza kuguswa: kutafuna kunauma, na asubuhi mdomo unafunguka kwa shida. Hiyo usiipuuze, juu kiungo kikiharibika hakirudi.

Namna ya kutofautisha? Doa linalohama mara nyingi ni ramani, halina hatari. Utando mweupe unaofutika kwa kitambaa na kuacha wekundu, mara nyingi ni kuvu. Uende kituo cha afya, wapime pia kama kinga ya mwili imeshuka. Doa jeupe lisilohama wala kufutika, ao kidonda kinachopita wiki 2, muganga akione haraka, kwa sababu kansa ya mdomo inaweza kuanza vile.

Kisha kuna dawa. Kwa soriasisi, metotreksati inakunywewa mara moja kwa wiki. Kuikunywa kila siku kunaweza kuua. Mtu anayeikunywa akitoka vidonda mdomoni, asiseme ni pilipili: amuone muganga siku ileile, juu inaweza kuwa alama kwamba dawa imezidi mwilini. Na vile vidonge vya deksametasoni ao prednisoloni ambavyo watu wanajinunuliaka farmasi: vinatuliza ngozi kwanza, lakini ukiviacha ghafula, soriasisi inaweza kurudi kwa ukali, hata na vipele vya usaha mwili mzima. Kuvipunguza ni kazi ya muganga.

Nyumbani, ulimi wa ramani usiukwangue kwa chumvi wala majivu. Tumia brosi laini, na kama ndimu, nanasi ao pilipili vinachoma, pumzika navyo mpaka kutulia. Safisha fizi vizuri, kwani ugonjwa wa fizi unaonekana zaidi kwa wenye soriasisi. Tumbaku, acha.

Na mukienda kwa muganga wa meno, mumuambie pia habari ya ngozi. Mukienda kwa muganga wa ngozi, mufungue mdomo hata kama hajauliza. Mwili ni mumoja, lakini sisi tunaupeleka vipande vipande, na kila muganga anaona kile tulichomuonyesha.