Shaba kuukuu yang'aa kwa limau na magadi, lakini ganda la risasi halina nafasi kwenye gunia lako

REMERA, Kigali – Gunia lilikuwa na kilo saba, limefungwa kwa kamba ya katani. Nililinunua kwa mchuuzi wa vyuma chakavu nikalimwaga juu ya turubai uani kwangu hapa Remera, si mbali na njiapanda ya Giporoso. Zikatoka koki za maji, kufuli, bawaba, vitasa vya milango na mchi mdogo wa kinu cha kutwangia iliki. Mwisho kabisa yakabingirika maganda matatu ya risasi, meusi kwa uchafu.

Kijana wa jirani aliyekuja kunisaidia kuchambua aliyaokota mara moja. Akasema yakilowekwa kwenye maji ya limau yatang'aa kama dhahabu, na kwamba hakosekani mtu wa kuyanunua. Katika jambo la kwanza alikuwa sahihi. Jambo la pili ndilo linaloweza kumfikisha mfanyabiashara mahali ambapo hakukusudia kwenda.

Wasomaji wetu wengi wanaovuka Rusumo, Gatuna, Kagitumba au mpaka wa Rubavu na Goma hubeba shaba ya namna hii, wengine kwa kuuza ikiwa skrepa, wengine kwa kuisafisha na kuiuza tena ikiwa bidhaa. Tofauti ya faida ni kubwa. Koki chafu huuzwa kwa uzito. Koki safi inayofunga vizuri huuzwa kwa kipande. Kwa hiyo ni vyema kujua namna ya kuisafisha kwa bei nafuu, na kujua pia kipi usikisafishe kamwe.

Kwanza, hakikisha ni shaba

Shaba tunayoizungumzia ni ya njano, ambayo mafundi wengi huiita brasi. Ni mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki. Sumaku haiinasi. Ukiileta sumaku karibu na koki ikashika, ndani kuna chuma kilichopakwa rangi ya njano.

Sumaku peke yake haitoshi, kwa sababu koki nyingi za bei rahisi hutengenezwa kwa aloi ya zinki na kupakwa juu, nayo hainaswi na sumaku. Hapo tumia mizani na maji. Ondoa mpira na sehemu za plastiki, pima uzito, kisha uizamishe koki kwenye chombo chenye alama za mililita na utazame maji yamepanda kiasi gani. Shaba ya njano ina uzito wa takriban gramu 8.5 kwa kila mililita moja. Koki ya gramu 425 itapandisha maji kwa mililita 50 hivi. Ikipandisha zaidi ya 60, mikononi mwako una zinki. Njia ya haraka zaidi ni kukwaruza kwa tupa mahali pasipoonekana: shaba ya njano ni njano hadi ndani.

Limau saba au kijiko kimoja

Weusi na ukijani unaoiganda shaba hutokana na hewa, unyevu na chumvi. Asidi hafifu huuyeyusha uchafu huo bila kuila shaba yenyewe, mradi usiiache humo kwa muda mrefu. Ndiyo sababu bibi zetu wa pwani walisugua masinia na mabirika ya kahawa kwa ukwaju au ndimu, na milango ya Zanzibar yenye misumari ya shaba ikang'arishwa kwa njia hizo hizo.

Nilichofanya uani ni hiki. Nilianza kwa kuosha kila kitu kwa maji ya moto na sabuni ili kuondoa mafuta, kwa kuwa asidi haipenyi kwenye grisi. Kisha nikachukua lita moja ya maji ya moto yasiyochemka, nikatia kijiko kimoja cha mezani cha asidi ya limau, ile ya unga mweupe, na matone machache ya sabuni ya vyombo. Kama huna unga huo, kamua limau saba hivi kwenye maji hayo. Siki nyeupe nayo inafaa, ila harufu yake hukaa.

Loweka kwa dakika 10, ukigeuzageuza. Usiweke mchana kutwa. Ukipitisha muda, asidi huanza kuichukua zinki na kuiacha shaba nyekundu peke yake juu, na bidhaa yako inageuka kuwa ya waridi. Mteja anayejua akiiona rangi hiyo hupunguza bei. Kuongeza chumvi kwenye siki huharakisha kazi, lakini usiposuuza vizuri, chumvi inayobaki hurudisha ukijani ndani ya siku chache.

Hatua ambayo wengi huiruka ni ya kuiua asidi. Suuza kwa maji mengi, kisha chovya kwenye lita moja ya maji yenye kijiko kidogo cha magadi, halafu suuza tena. Kausha kwa kitambaa na uanike juani, na koki uziache wazi ili ndani nako pakauke. Kwa mng'aro wa mwisho, jivu laini lililochekechwa kwenye kitambaa chenye unyevu linatosha. Vitu vidogo vingi, kama bawaba na skrubu, viweke kwenye debe lenye mfuniko pamoja na magunzi makavu ya mahindi yaliyosagwa, kisha ulibingirishe debe kwa nusu saa. Magunzi hunyonya mafuta na kusugua bila kukwaruza.

Vaa glavu, usitumie sufuria ya kupikia, na maji machafu usiyamwage penye bustani ya mboga, kwani yamebeba shaba na huenda na risasi, ile metali nzito inayotiwa katika koki nyingi za zamani.

Jambo moja kwa wauzaji wa vitu vya kale: sinia au birika la zamani sana usiling'arishe kabla ya kumwonyesha mnunuzi. Weusi wake wa miaka mingi ndio ushahidi wa umri, na kwa baadhi ya wanunuzi ndio bei yenyewe.

Usifanye haya

Usichanganye asidi ya aina yoyote, hata siki, na dawa ya kung'arisha nguo nyeupe yenye klorini. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, nayo huumiza mapafu. Usitumie asidi ya betri. Na usijaribu kuyeyusha shaba ya njano kwenye jiko la nyumbani: zinki huchemka kwenye nyuzi joto 907, karibu kabisa na joto linaloyeyusha shaba hiyo, na moshi wake mweupe humpa mtu homa, baridi na kikohozi usiku huohuo.

Jihadhari pia na amonia, iwe kwenye dawa ya vioo, kwenye mbolea au kwenye mkojo wa mifugo. Hili lina historia yake. Katika karne ya 19, jeshi la Waingereza huko India lilikuta maganda ya risasi yaliyohifadhiwa msimu wa mvua yamepasuka yenyewe bila kupigwa. Yalikuwa yamewekwa karibu na mazizi ya farasi. Chanzo kilikuja kuelezwa wazi mwaka 1921: amonia kutoka kwenye mkojo wa farasi, ikikutana na unyevu, hupasua shaba ya njano ambayo imebanwa kwa nguvu wakati wa kutengenezwa. Mfanyabiashara anayepakia koki na viungio vya mabomba juu ya magunia ya mbolea, au kuvihifadhi kwenye banda la mbuzi, anajiandalia malalamiko ya mteja ambaye bomba lake litavuja.

Na yale maganda matatu?

Ganda la risasi limetengenezwa kwa shaba nzuri sana, kwa kawaida asilimia 70 shaba nyekundu na 30 zinki. Katika nchi kama Marekani, ambako wapiga shabaha wengi huruhusiwa kujaza risasi upya nyumbani, ganda ndilo sehemu ya gharama kubwa kuliko zote na ndiyo pekee inayoweza kutumika tena. Wao hulisafisha kwa asidi ya limau ile ile niliyoitumia kwenye koki, au kwa magunzi yale yale ndani ya mashine inayobingirika, ili waone kama lina ufa kabla ya kutia fataki, baruti na kichwa kipya.

Kwa hiyo kisayansi kijana wa jirani hakukosea. Lakini sisi tuko Remera, na kwetu ganda si koki.

Sababu ya kwanza ni sheria. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha za moto, iliyopitishwa mwaka 2001, inahesabu ganda, fataki, baruti na kichwa kuwa sehemu za risasi pale nchi inapovidhibiti. Tarehe 21 Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Rwanda ikiwemo pamoja na Burundi, Uganda, Kenya, Tanzania na Kongo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo, na kituo cha kuisimamia, RECSA, kiko Nairobi. Kila nchi ina sheria yake: Kenya ina Sheria ya Silaha, Sura ya 114, Uganda ina ya 1970, Tanzania ina ya 2015. Ofisa wa mpakani akikuta maganda yaliyosafishwa yakang'aa ndani ya mzigo wako, hatayaona kama skrepa. Swali lake litakuwa unampelekea nani. Ganda lililosafishwa linaonekana limeandaliwa kujazwa tena, na hapo kujieleza kunakuwa kugumu kuliko kama lingekuwa chafu.

Sababu ya pili: ganda lina maneno. Kwenye kitako chake huwa pamegongwa alama za kiwanda, na mara nyingi mwaka. Wachunguzi huzisoma alama hizo ili kujua risasi iliyopigwa mahali fulani ilitoka wapi. Ukilisafisha, ukaliyeyusha au ukalivusha mpaka, huenda umeondoa ushahidi wa tukio ambalo hukulijua.

Sababu ya tatu ni afya. Fataki nyingi zina misombo ya risasi, yaani metali ile ambayo Kiswahili kimeipa jina moja na kitu kinachoua. Masizi yaliyo ndani ya ganda yana vumbi hilo. Ukiyakausha na kuyabingirisha kwenye debe, vumbi hupanda, na watoto ndio huathirika kwanza, kwenye ubongo unaokua. Zaidi ya hayo, si kila kinachofanana na ganda tupu ni tupu. Risasi nzima, au ganda ambalo fataki yake haijapigwa, likiingia kwenye tanuru hulipuka.

Basi nilimwambia kijana ayaweke chini palepale alipoyaokota. Tukawaondoa watoto uani, nikapiga 112. Polisi walifika, wakauliza gunia lilitoka wapi, wakaandika, wakayachukua. Nilikuwa na risiti. Bila ile karatasi, mazungumzo yangechukua sura nyingine.

Kabla ya kuvuka

Kwa anayefanya biashara hii, mazoea machache yanamlinda. Mwaga gunia lote mbele ya muuzaji kabla ya kulipa, mchana na penye mwanga. Ukiona ganda, risasi au kitu usichokijua, usikiguse, usikibebe mfukoni kukipeleka kituoni. Kiache na uite polisi. Dai risiti yenye jina la muuzaji, uzito na tarehe.

Skrepa nayo ina masharti yake, tofauti kila nchi. Kenya ina sheria ya vyuma chakavu ya mwaka 2015 inayotaka leseni, na Januari 2022 ilisimamisha biashara hiyo kabisa kwa sababu ya wizi wa nguzo na nyaya za umeme, kabla ya kuifungua tena miezi michache baadaye. Waliokuwa njiani na mzigo wakati huo waliona umuhimu wa kuuliza kabla ya kupakia.

Kumbuka pia kwamba utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, kwa mizigo isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizotoka ndani ya Jumuiya na zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa. Koki iliyotengenezwa nje haigeuki kuwa ya Afrika Mashariki kwa sababu umeinunua Goma na kuing'arisha Remera. Muulize ofisa wa forodha mapema, mzigo ukiwa bado haujafika kwenye kizuizi.

Kati ya kilo saba za gunia lile, koki tano zilifunga vizuri baada ya kubadilishwa mpira, na mchi wa kinu nimebaki nao mwenyewe. Vingine vilirudi kwenye mizani ya skrepa. Limau zilizobaki tulizinywa na chai.