Ndege Aliyekosekana Jumatano

Tangazo la safari ya kutazama ndege huuza umbali kwanza. Ituri, Kakamega, Arabuko-Sokoke: kadiri barabara inavyoharibika ndivyo bei inavyopanda. Mgeni hufika na darubini shingoni na orodha ya ndege anaowatamani. Kiongozi huja na masikio yake, kwa kuwa msituni ndege husikika kabla hajaonekana. Siku tatu baadaye majina kadhaa yametiwa alama na gari limegeuza. Sina neno na starehe hiyo. Ila mara nyingi huvikwa joho la sayansi, na hapo ndipo ninapotia shaka, maana swali zito kuhusu ndege wetu siku hizi si nani yuko wapi, bali nani anapungua, na kwa kasi gani. Mpita njia hawezi kulijibu. Analijibu anayerudi palepale, tena na tena, na mahali rahisi pa kurudi ni mjini. Nairobi kazi hiyo inafanyika tangu 1971: matembezi ya Jumatano asubuhi yaliyoongozwa kwa miongo mingi na Fleur Ng'weno, chini ya chama kilichoanzishwa 1909 ambacho leo kinajulikana kama Nature Kenya. Watu hukutana Makumbusho ya Taifa, kisha huelekea misitu na vitongoji vya jiji. Hakuna anayewauzia umbali.

Na mji wenyewe umekaa mahali pa ajabu. Mashariki na kusini ni nyanda za udongo mweusi unaonata, mita 1,600 hivi juu ya bahari, nyasi na migunga. Ukipanda kuelekea Dagoretti, Kabete na Karen, udongo unakuwa mwekundu, mvua inaongezeka, nawe unaingia palipokuwa ukingo wa msitu wa nyanda za juu. Jiji limeota juu ya mshono huo. Ndiyo maana mbuni wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, iliyotangazwa 1946 na yenye zaidi ya spishi 400 za ndege, anaishi si mbali na ndege wa msitu mzito. Hata Arboretum, iliyoanzishwa 1907 ili kujaribu miti ya kuni za injini za reli, imeishia kuwa bustani ya ndege. Injini zilikwisha, miti ikabaki.

Mchukue shorobo wa Hartlaub, mkazi wa vitongoji vya magharibi. Akitulia tawini ni kijani na buluu iliyokolea, na doa jeupe mbele ya jicho. Unaweza kumtazama usimwone. Akiruka, mabawa yanawaka wekundu. Wekundu huo ni turasini, rangi yenye madini ya shaba ndani yake, ambayo ni sifa ya jamii ya shorobo. Lakini kinachonivutia zaidi ni mwendo wake. Hapendi kukata uwazi: hukimbia juu ya matawi, akaruka kidogo, mti hadi mti. Akiwapo mtaani, anatuambia kwamba miti ya hapo bado inashikana. Mwaka 2020, barabara ya Expressway ilipokuwa ikijengwa, mti mkubwa wa mugumo kando ya Waiyaki Way uliokolewa kwa amri ya Rais, na wengi tukashangilia. Njiwa atavuka lami kuufikia. Shorobo anahitaji na majirani wa mugumo, na Kilimani na Kileleshwa majirani hao wanazidi kupisha magorofa.

Asipoonekana je? Hapa hesabu inaingia. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kiongozi hodari ana nafasi ya asilimia 30 ya kumwona au kumsikia shorobo aliyepo kila anapopita. Akipita mara moja akamkosa, hajajifunza jambo la maana, kwani hata ndege akiwapo angemkosa mara saba katika kumi. Akipita mara kumi, kila ziara ikijitegemea, nafasi ya kumkosa zote kumi ilhali ndege yupo inashuka chini ya asilimia 3. Ukimya umegeuka ushahidi. Safari ya siku tatu, hata ikiongozwa na bingwa, haiwezi kununua kitu hicho.

Mpinzani atasema ndege adimu hawaji Uhuru Highway, na ni kweli. Mnana wa Clarke ni wa pwani ya Kilifi pekee. Alitambuliwa kisayansi 1913, na kwa miaka 100 hakuna mwanasayansi aliyejua anatagia wapi. Watalii wengi walikwisha kumwona Arabuko-Sokoke, wakamtia alama, wakaondoka. Viota vilipatikana 2013, katika kinamasi cha msimu kwenye msitu wa Dakatcha, kwa kazi iliyowashirikisha wenyeji wanaolinda msitu huo. Kwa hiyo hata nyikani kilichozaa matunda ni kukaa na kurudi. Vivyo hivyo kwa ndege wawindaji wa Kenya: utafiti uliochapishwa 2022 ulilinganisha hesabu za barabarani za 1970 hadi 1977 na za 2003 hadi 2020, ukakuta spishi 19 kati ya 22 zinaonekana kwa uchache kuliko zamani. Wasingekuwapo waliohesabu mwanzoni, tungebaki na hadithi za wazee. Fedha za wageni husaidia misitu ya mbali, silikatai hilo, lakini hiyo ni hoja ya uchumi.

Wengine huogopa makosa ya wasio wataalamu. Hofu hii naiona ndogo. Mradi wa Kenya Bird Map umegawa nchi katika miraba ya kilomita 9 hivi kila upande. Mchangiaji hutafuta ndege kwa angalau saa mbili, akiwaandika kwa mpangilio wa walivyoonekana, na rekodi ya ajabu huhakikiwa. Atlasi ya ndege wa Kenya ya 1989 ilitumia miraba ya kilomita 55, mmoja ukitosha kumeza mbuni na shorobo pamoja.

Pingamizi linalouma ni la tatu. Jumatano asubuhi ni siku ya kazi, na darubini si bei ya sukuma. Tukirudi kila mara penye miti, tutapima utajiri wa kitongoji tukidhani tunapima ndege. Utafiti wa Afrika Kusini uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba, hasa palipojengwa sana, mitaa yenye kipato kikubwa ndiyo yenye spishi nyingi zaidi za ndege. Mraba wa kilomita 9 hauoni tofauti hiyo: Arboretum, Kilimani, Kibera na katikati ya jiji zimo katika mmoja. Shorobo akiandikwa Arboretum saa mbili na nusu asubuhi, mraba mzima umeandikwa una shorobo, Kibera ikiwamo. Dawa si kuacha matembezi, ni kuyapitisha kwingine: orodha moja ya Arboretum, nyingine ya Kibera kandokando ya Bwawa la Nairobi, kila moja na njia yake na saa zake. Mwewe na korongo mfukoshingo watajaa zote mbili, kwa kuwa hawasubiri mwaliko penye taka. Wa kutafutwa ni wale wadogo wa vichakani. Wasipoonekana Kibera safari ya kwanza, asiandike mtu kwamba hawapo. Zimebaki safari tisa.