Nyota ya Chipukizi Inatabiri Nini?

Kwenye mechi za mchangani huko Pugu Kajiungeni, kijana akipiga chenga mbili na kufunga, hakosekani wa kusema, "Huyu ndiye Samatta mpya." Na hakosekani wa kumjibu kwamba Samatta wapya wameshapita wengi hapa, na leo wanaendesha bodaboda. Ubishi huu hauishi kwa sababu pande zote mbili zina hoja.

Marekani wameugeuza ubishi huo kuwa biashara. Mchezo wao wa football huchezwa vyuoni mbele ya mashabiki wanaoweza kufika laki moja, na vyuo hugombania vijana wangali sekondari. Kampuni kama 247Sports na Rivals huwapanga kwa nyota, na nyota tano hupewa vijana wachache tu kila mwaka kati ya maelfu. Halafu anatokea mtu kama Josh Allen. Alimaliza sekondari bila nyota hata moja, akaanzia kwenye chuo kidogo cha jirani, akaenda Wyoming, na katika msimu wa 2024 akatangazwa mchezaji bora wa ligi ya NFL. Kila akitajwa, watu husema nyota ni uongo mtupu.

Tupige hesabu kabla ya kukubali. Tuchukulie, kwa mfano tu, kwamba makocha wanawatazama vijana 1,000 na kuwapa nyota 20. Kati ya hao 20, nusu wanafika ligi kuu, yaani 10. Kati ya 980 waliobaki, wanafika 3 katika kila 100, yaani kama 29. Ukienda ligi kuu na kuwauliza wachezaji, utakuta wengi hawakuwahi kupewa nyota, na utaona makocha walibahatisha. Kumbe mwenye nyota alikuwa na nafasi 50 katika 100, na mwenzake 3. Wasio na nyota wametamba kwa wingi wao. Kwa hiyo nyota husema kweli kuhusu kundi, lakini kuhusu mtoto mmoja mmoja inabaki kuwa kisio.

Sisi Watanzania hatuna kampuni za kugawa nyota. Nyota yetu ni jezi ya Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17. Mwaka 2017 timu hiyo ilikwenda AFCON ya vijana nchini Gabon, ikatoka sare na Mali, ikaifunga Angola 2-1, ikafungwa na Niger 1-0 na kuaga. Nahodha wake, Dickson Job, alipitia Mtibwa Sugar, kisha akawa mhimili wa ulinzi wa Yanga na Taifa Stars, ingawa si mrefu kama makocha wengi wanavyotaka beki wa kati awe. Nyota yake ilisema kweli. Lakini wapo aliocheza nao Gabon ambao mashabiki wameshawasahau.

Miaka miwili baadaye fainali zilichezwa hapa Dar es Salaam, tukapoteza mechi zote tatu. Hata hivyo timu ile ilikuwa na Kelvin John, aliyebandikwa jina la Mbappé angali mtoto. Alikwenda kusoma na kucheza Uingereza, akasajiliwa na Genk ya Ubelgiji mwaka 2021, na mwaka 2024 akahamia AaB ya Denmark. Hayo ni mafanikio ambayo Watanzania wachache wameyafikia, ila ukiyapima kwa jina alilopewa, utamwona kama aliyeshindwa. Hapo kosa ni la waliombandika jina.

Kwa nini jicho la kocha hukosea? Sababu ya kwanza ni mwili. Wavulana wawili wa miaka 14 wanaweza kupishana ukomavu kwa miaka kadhaa. Aliyebalehe mapema ana kasi na nguvu, anashinda kila mpira wa kugombea, naye ndiye anayeandikwa kwenye daftari. Wenzake wakifikisha miaka 18 wanakuwa wamemfikia, na kama hakujifunza kutuliza mpira na kusoma mchezo, ubora wake unayeyuka.

Ya pili ni mwezi wa kuzaliwa. Mashindano ya kimataifa ya vijana huhesabu umri kuanzia Januari 1, hivyo wa Januari hushindana na wa Desemba, mdogo wake kwa karibu mwaka mzima. Watafiti wa Canada waliliona jambo hili kwenye mpira wa magongo wa barafuni mwaka 1985, na tangu hapo limeonekana katika michezo mingi: timu za vijana hujaa waliozaliwa miezi ya mwanzo.

Ya tatu tunaijua vizuri: vijeba, yaani wachezaji wanaodanganya umri. FIFA ilianza kutumia kipimo cha MRI katika Kombe la Dunia la vijana wa miaka 17 mwaka 2009. Hupigwa picha ya kifundo cha mkono ili kuona kama sehemu ya mfupa inayokua imeshafunga. Ikiwa imefunga kabisa, mchezaji huyo hana budi kutiliwa shaka. Hata safari yetu ya Gabon ilipatikana baada ya Congo Brazzaville kuenguliwa kwa utata wa umri wa mchezaji wake. Lakini kipimo hicho hakimsaidii kocha kujua nani amekomaa mapema kihalali.

Dawa ni kutazama tena na tena. Kocha wa yosso aandike tarehe ya kuzaliwa na urefu wa kila mtoto, arudie kila baada ya miezi sita, na asimfute mtu daftarini kwa majaribio ya siku moja. Mbwana Samatta wa Mbagala alipitia African Lyon na Simba, na TP Mazembe walimchukua mwaka 2011 baada ya kukutana na Simba kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Alikuwa na miaka 18, na walikuwa wamemwona akicheza na watu wazima. Mwaka 2019 akaifunga Liverpool palepale Anfield.

Na mzazi aliyeambiwa mwanawe ana nyota, asikimbilie kuuza kiwanja. Kanuni za FIFA zinakataza kusajili mchezaji wa chini ya miaka 18 kutoka nchi nyingine, isipokuwa kwa masharti machache. Wakala anayedai fedha ili ampeleke mtoto wa miaka 15 kwenye klabu ya Ulaya mwezi ujao anauza kitu ambacho kwa kawaida hakiruhusiwi. Muda uliobaki hadi miaka 18 unatosha shule na mazoezi, na unampa kocha nafasi ya kugundua kama alimkadiria mtoto vibaya.